Je, wajua kwa nini damu ya aliyezidisha panadol haipimwi papo hapo?

Mgonjwa amefikishwa hospitali nusu saa tu baada ya kumeza panadol nyingi. Ndugu wanamsihi daktari amtoe damu sasa hivi. Daktari anauliza kwanza alimeza lini, kisha anaagiza kiwango cha dawa kipimwe saa 4 zikitimia tangu ameze.

Huo si uzembe. Dawa bado inatoka tumboni kuingia kwenye damu, na kipimo cha mapema kinaweza kuonyesha kiasi kidogo ilhali nyingine ingali njiani.

Ini hugeuza sehemu ndogo ya panadol kuwa sumu iitwayo NAPQI, na kwa kawaida huizima kwa akiba yake ya glutathayoni, kemikali ya kujikinga. Dozi ikizidi, akiba hukauka na sumu huanza kuua seli za ini. Kinachotisha ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuonekana mzima, pengine ana kichefuchefu tu, na hata vipimo vya ini vikawa safi. Madhara hujitokeza siku ya pili au ya tatu. Anayengoja dalili amechelewa.

Mwaka 1975 madaktari Barry Rumack na Henry Matthew walichapisha chati inayolinganisha kiwango cha dawa kwenye damu na saa zilizopita. Marekani, mstari wa kutibu huanzia mikrogramu 150 kwa mililita katika saa ya 4. Aliyefika hapo au kuzidi hupewa asetilisisteini, inayosaidia ini kurudisha akiba yake. Ikianza ndani ya saa 8, ini huokolewa karibu kila mara. Majibu yakionekana yatapita muda huo, dawa huanzishwa bila kuyangoja. Chati hiyo haimfai aliyekuwa akizidisha dozi kwa siku kadhaa, wala asiyejua alimeza lini.

Kwa sumu za wadudu za shambani zenye oganofosfeti, mambo ni tofauti kabisa. Mate yanamwagika, jasho linatiririka, mboni zimesinyaa, kifua kimejaa majimaji: mgonjwa hupewa dawa ya atropini hapo hapo, maabara itafuata.

Tena hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotambua kila sumu. Ndiyo maana pakiti au kopo lililookotwa nyumbani, pamoja na saa ya tukio, humwelekeza daktari kipimo cha kuagiza.