Ukurutu kwa mtoto anayenyonya: maswali ya kina mama Uganda

Mtoto wangu ana miezi mitatu, ananyonya tu. Mashavu yamekauka, yana vipele, na usiku anasugua uso kifuani kwangu. Ni joto la Kampala au ni ugonjwa?

Kwa maelezo hayo, huenda ni ukurutu, ule ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Mara nyingi huanza kati ya mwezi wa 2 na wa 6. Vipele vya joto hukaa kwenye mikunjo ya shingo na makwapani, na ukimpunguzia mtoto nguo hupoa baada ya siku chache. Ukurutu hushika mashavu, kichwa, kifua na upande wa nje wa mikono na miguu, huku sehemu inayofunikwa na nepi ikibaki salama. Tena huwasha.

Mama, kwa ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu. Picha nyingi za ugonjwa huu ni za watoto weupe, na ndiyo maana watoto wetu hucheleweshwa. Tafuta rangi ya kijivu au ya zambarau iliyokolea, na vipele vidogo vilivyosimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Pitisha mgongo wa kiganja chako juu ya tumbo la mtoto: palipo na ukurutu patakwaruza hata kama macho hayaoni kitu. Ukipona huacha mabaka meusi au meupe yanayoweza kukaa miezi kadhaa kabla ya kufifia. Hayo si makovu, wala dawa haikumuunguza.

Ila kama vipele viko viganjani, kwenye nyayo na katikati ya vidole, na watu wengine nyumbani wanajikuna usiku, fikiria upele wa skabi, unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi. Huo huambukiza, na nyumba nzima hutibiwa kwa pamoja. Ukurutu hauambukizi.

Mama mkwe anasema ni maziwa yangu. Ananiambia niache mayai, samaki, maziwa na binyebwa (karanga).

Mwambie kwa heshima kwamba maziwa yako hayana kosa. Ukurutu huanzia kwenye ngozi yenyewe: mtoto amerithi ngozi isiyoshika maji vizuri, ambayo hukauka na kupitisha vitu vinavyoikera. Uliza ukoo wa pande zote mbili, mara nyingi utakuta mwenye pumu au mafua ya mzio.

Linaniuma kuona mama anayenyonyesha amebaki na matooke na chai ya rangi kwa sababu ya vipele vya mtoto. Anadhoofika yeye, na vipele viko palepale. Kula mayai yako, kula mukene (dagaa).

Yapo mazingira machache ambapo chakula huhusika: mtoto ana damu kwenye kinyesi, anatapika sana, haongezeki uzito, anavimba uso au kutoka mabaka muda mfupi baada ya kunyonya, au ukurutu mkali haupungui hata ukitibiwa sawasawa. Hapo mwone daktari. Anaweza kukuambia uache chakula kimoja, mara nyingi maziwa ya ng'ombe, kwa wiki 2 hadi 4, kisha ukirudishe muone kama kuna tofauti. Kimoja, si vyote kwa mpigo.

Na akifika miezi 6, usimfiche karanga. Utafiti uliofanywa London kwa watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, na kutolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko waliokatazwa. Mchuzi laini wa binyebwa unafaa; karanga nzima humkaba mtoto. Kama ukurutu wake ni mkali, zungumza na daktari kabla ya kumwonjesha.

Ukilipuka, nifanye nini nyumbani?

Anza na mafuta. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yale ya kopo la bei nafuu, yanafanya kazi vizuri kuliko losheni nyingi za watoto zinazonukia. Mpake mwili mzima, angalau mara mbili kwa siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Kosa ninaloliona zaidi ni uchache: kopo la gramu 250 likikaa miezi miwili, hujapaka. Chota kwa kijiko safi, usizamishe vidole koponi, ukaingiza vijidudu.

Mwogeshe mara moja kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, dakika 5 hadi 10, bila dodoki. Sabuni iwe isiyo na harufu, na kidogo tu. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, kisha ndani ya dakika 3 mafuta yawe yameshapakwa, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kabla ya kunyonyesha mpake mashavuni na kidevuni, kwa sababu mate na maziwa yanayochuruzika huchoma ngozi hiyo.

Mafuta peke yake hayazimi mlipuko. Hapo huhitajika krimu hafifu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), yaani haidrokotisoni asilimia 1, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Hupakwa sehemu zilizolipuka tu, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache hadi wiki moja. Krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole chako hadi kwenye kiungo cha kwanza hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Usiiogope. Anayepaka nusu kwa woga huishia kuitumia muda mrefu zaidi.

Mvishe pamba nyepesi, mkate kucha, na usimfunge shali mbili na soksi mchana. Jasho huamsha muwasho.

Duka la dawa waliniuzia tyubu. Siku mbili ngozi ikawa safi, nikiacha inarudi kali zaidi.

Soma maandishi yake. Tyubu za namna hiyo mara nyingi huchanganya steroidi kali, kama betamethasoni au klobetasoli, na antibiotiki pamoja na dawa ya fangasi. Ngozi ya mtoto hunywa dawa upesi. Ikipakwa kwa wiki nyingi hukonda, na steroidi inaweza kuingia mwilini na kuathiri ukuaji wake. Kama umeitumia muda mrefu, usiikatishe ghafla. Ipeleke tyubu yenyewe kwenye kituo cha afya waione.

Je, kyogero (maji ya mitishamba ya kumwogeshea mtoto) na samli?

Mila ya kumwogesha mtoto kyogero naiheshimu, lakini si juu ya ngozi iliyochubuka: baadhi ya majani huikera zaidi. Samli nayo ni chakula, na chakula kikipita kwenye ngozi iliyopasuka kinaweza kuufundisha mwili kukikataa. Iache jikoni.

Ni wakati gani wa kukimbia hospitali?

Siku hiyohiyo, ukiona majimaji, usaha au ukoko wa njano, au mtoto ana homa. Ukiona malengelenge madogo yaliyojikusanya, au vidonda vidogo vya duara vinavyofanana, usingoje asubuhi: hiyo inaweza kuwa herpesi, virusi vinavyoleta pia vidonda vya mdomo, nayo ni hatari kwa mtoto mwenye ukurutu. Mtu mwenye vidonda vya mdomo asimbusu mtoto.

Chanjo zisubiri?

Hapana. Za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote azipate kwa wakati. Mwombe tu nesi achome mahali ngozi ni nzima.