Bastola iliyonunuliwa kwa hofu: maswali na majibu

Watu wetu wanaoishi Marekani, na ndugu wanaowapigia simu kila zikisikika habari za mauaji kule, huuliza maswali yanayofanana. Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara. Tunayajibu kama tunavyojibu kuhusu malaria: ugonjwa unaeneaje, unamuumiza nani, na unakatizwa wapi.

Bunduki imekuwaje suala la afya? Si kazi ya polisi?

Ni kazi ya wote wawili. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani. Kati yao 26,328, yaani zaidi ya nusu, walijiua. Polisi hufika baada ya tendo, lakini mtu anayewaza kujiua anahitaji kufikiwa kabla. Tangu 2020 risasi ndiyo inayoua watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19 kuliko kitu kingine chochote nchini humo, ajali za magari zikiwemo. Juni 2024 Dkt. Vivek Murthy, wakati huo daktari mkuu wa serikali, alitoa tamko rasmi kwamba hili ni janga la afya ya jamii.

Watu wananunua bunduki kwa nini hasa?

Zamani wengi walikuwa wakijibu: kuwinda. Mwaka 1999, wenye bunduki walipoulizwa sababu kuu, 49% walitaja uwindaji na 26% kujilinda. Mwaka 2023 kituo cha utafiti cha Pew kilikuta 72% wakisema kujilinda ni sababu kubwa. Maswali ya tafiti hizo mbili hayakuulizwa kwa maneno yale yale, lakini mwelekeo unaonekana hata kwa jicho moja.

Linaloshangaza ni hili. Kwa takwimu za FBI, uhalifu wa kutumia nguvu ulipungua kwa karibu nusu kati ya 1993 na 2022. Hata hivyo, kampuni ya Gallup ilipowauliza Wamarekani katika miaka hiyo kama uhalifu umeongezeka kuliko mwaka uliopita, karibu kila mara sita kati ya kumi au zaidi walijibu ndiyo. Hatari ilishuka, hofu ikabaki palepale.

Sasa hofu hiyo inatoka wapi?

Kaa sebuleni mwa Mmarekani wa kawaida saa tano usiku, taarifa ya habari ya mji wake inapoanza. Utaona utepe wa njano wa polisi, taa za bluu na nyekundu zikizunguka, jirani aliyevaa ndala akisema hakutarajia kitu kama hiki mtaani kwake. Habari ya namna hiyo ni rahisi kutengeneza: gari moja, mpiga picha mmoja, polisi wa kuhojiwa yupo tayari. Habari ya mtaa uliolala salama haina picha. Mtazamaji akila mlo huo miaka ishirini, anaona mauaji mengi kwenye kioo kuliko yanayoweza kutokea karibu naye maishani mwake yote.

Profesa George Gerbner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alianza kulichunguza jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliona kwamba watu wanaotazama televisheni saa nyingi huiona dunia kuwa katili kuliko wanavyoiona wale wanaotazama kidogo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu hajaumwa. Ameonyeshwa nyoka kila usiku kabla ya kulala, na asubuhi ung'ongo unamtoa jasho.

Na rangi ya ngozi inaingia vipi hapo?

Inaingia kwa sababu nyoka huyo amepewa sura. Watafiti Franklin Gilliam na Shanto Iyengar waliwaonyesha wakazi wa Los Angeles taarifa ya habari ya uhalifu. Baadhi walionyeshwa taarifa isiyo na picha wala maelezo ya mtuhumiwa. Walipoulizwa baadaye, wengi wa hao walisema wamemwona, na sehemu kubwa ya waliosema hivyo walikumbuka kuwa alikuwa mtu mweusi. Hakuwepo mtu pale! Ubongo ulijaza pengo kwa picha iliyokwisha kuzoeleka.

Wanasiasa wanalijua hilo. Mwaka 1988 uso wa mfungwa mweusi uliwekwa kwenye tangazo la televisheni la kumpinga Michael Dukakis, aliyekuwa akigombea urais, na uso ule ukasema yote ambayo maneno yasingethubutu kusema.

Historia yenyewe ni ya zamani kuliko televisheni. Enzi za utumwa sheria za majimbo ya kusini ziliwakataza watu weusi kumiliki silaha, maana bwana mwenye watumwa wengi halali vizuri. Mwaka 1956 nyumba ya Martin Luther King huko Montgomery ilipigwa bomu. Akaomba kibali cha kubeba bastola, akanyimwa. Na 1967, vijana wa Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi, walipotembea na bunduki hadharani California, jimbo likapitisha sheria ya kuzuia jambo hilo upesi, ikasainiwa na gavana Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa rais kipenzi wa wapenda bunduki. Ukitaka kujua bunduki inaogopwa mikononi mwa nani, soma miaka hiyo.

Utafiti wa 2013 uliochapishwa katika jarida la PLOS ONE uliona kuwa kadiri Wamarekani weupe walivyopata alama nyingi kwenye maswali ya kupima ubaguzi dhidi ya weusi, ndivyo uwezekano wa kuwa na bunduki nyumbani ulivyoongezeka. Hiyo haimaanishi kila mwenye bunduki ni mbaguzi. Tafiti za namna hii huonyesha mambo mawili yakitembea pamoja, haziwezi kuapa kwamba moja limemzaa jingine.

Mfano mmoja wa kweli?

Kansas City, jimbo la Missouri, usiku wa Aprili 13, 2023. Kijana mweusi wa miaka 16 ametumwa kuwachukua wadogo zake. Mitaa miwili ina majina yanayofanana, akaenda kwenye mtaa usio wenyewe na kubonyeza kengele. Ndani kulikuwa na mzee mweupe wa miaka 84, peke yake, ameshapanda kitandani. Akachukua bastola, akaenda mlangoni, akafyatua kupitia kioo. Risasi moja ilimpata kijana kichwani, nyingine mkononi. Akanyanyuka, akakimbilia nyumba za jirani kuomba msaada. Mungu mkubwa, alipona.

Mzee aliwaambia polisi kwamba aliogopa mno, akitaja ukubwa wa mwili wa kijana. Mjukuu wake aliwaeleza waandishi wa habari kwamba babu yake alikuwa akishinda akitazama habari zinazolisha hofu. Februari 2025 mzee alikiri kosa mahakamani, akafariki siku chache baadaye kabla ya kuhukumiwa.

Hofu inafanya nini mwilini?

Moyo unakwenda mbio, adrenalini inapanda, macho yanakaza kitu kimoja na kuacha vingine. Kwa dakika chache hiyo ni kinga. Ikikaa miaka, inaleta shinikizo la damu na usingizi wa mang'amung'amu. Tena hofu hudanganya macho: majaribio yaliyoanza kuchapishwa 2001 yalionyesha kwamba watu wakionyeshwa uso mweusi kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, kisha kifaa cha kawaida cha fundi, hukosea na kukiita bastola mara nyingi kuliko wakionyeshwa uso mweupe.

Weusi nao si wananunua siku hizi?

Wananunua, na wana sababu. Mei 2022 watu kumi weusi waliuawa dukani huko Buffalo na mbaguzi aliyewafuata makusudi. Kati ya Januari 2019 na Aprili 2021 watu wazima wapatao milioni 7.5 walipata bunduki kwa mara ya kwanza. Karibu nusu walikuwa wanawake, na mmoja kati ya watano alikuwa mweusi. Hofu ya mmoja imezaa hofu ya mwingine. Siwezi kumlaumu anayeogopa kitu kilichopo.

Lakini bunduki si italinda nyumba yangu?

Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Huko California watafiti waliwafuatilia watu milioni 26 kwa miaka 12. Wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki mara nane zaidi ya wanaume wasio nayo. Wanawake, mara 35. Uchunguzi wa baadaye wa jimbo hilohilo ulikuta kwamba wanaoishi na mwenye bastola, wao wenyewe wakiwa hawana, waliuawa zaidi ya mara mbili ya wanaoishi katika nyumba zisizo na bastola. Mgeni anayeogopwa haji. Anayekuja ni usiku mmoja mbaya wa mtu wa humohumo ndani. Wazo la kujiua mara nyingi hupanda na kushuka kama homa. Aliyemeza vidonge mara nyingi huwahiwa hospitali. Aliyejipiga risasi, takriban tisa kati ya kumi hawarudi.

Mume wangu amenunua bastola, na usiku hapati usingizi bila kutazama habari. Nifanyeje?

Dada yangu, usianze na bastola, anza na usingizi. Mwombe televisheni izimwe saa moja kabla ya kulala, kwa wiki mbili tu, mwone. Kisha zungumzeni inakaa wapi. Droo ya kando ya kitanda ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Itolewe risasi, ifungiwe kwenye kasha la chuma, risasi zifungiwe kwingine, na watoto wasijue funguo ziliko. Watoto wanajua mahali pa kila kitu tulichoficha, ulizeni pipi. Akianza kusema maisha hayana maana, bastola itoke nyumbani siku hiyohiyo, ikiwezekana kwa ndugu wa kuaminika kwa kufuata sheria za jimbo lenu, na mpige 988, namba ya bure ya msaada wa walio katika hali hiyo. Unaweza kuomba mkalimani.

Na mtoto akialikwa kucheza kwa rafiki, piga simu kwanza. Unauliza kama kuna mbwa, unauliza kama kuna bwawa la kuogelea, halafu kwa sauti ileile: "Na bunduki mnaiweka wapi?"