Kitufe cha dharura cha wazee hakileti ambulensi chenyewe

Familia nyingi zenye mzee anayeishi peke yake, iwe Kampala au Mbale, zinaamini kwamba akivaa kitufe cha dharura shingoni, akikibonyeza tu ambulensi inakuja. Ni imani inayoeleweka, maana vifaa hivi huuzwa kwa lugha ya matumaini.

Kwa kawaida kitufe hutuma mawimbi mafupi ya redio hadi kwenye kisanduku kilichowekwa ndani ya nyumba. Kisanduku ndicho kinachopiga simu, kwa laini kama ya simu yako, na kinampigia aliyesajiliwa: mtoto, jirani, au kituo cha huduma kinacholipiwa kila mwezi. Katika nchi nyingine vituo hivyo huita ambulensi. Hapa Uganda, laini ikikosa salio au mtandao ukipotea, ujumbe hauendi. Vitufe vinavyotambua kuanguka navyo havitambui kila anguko, hasa mzee akiteleza polepole kutoka kitini.

Jaribu kitufe mwenyewe, na mwambie jaja, yaani bibi au babu, kabla. Bonyeza ukiwa chooni nje, kisha kwenye migomba, uone kama mawimbi yanafika kwenye kisanduku. Chomoa umeme uone betri inadumu saa ngapi. Aliyepigiwa apokee, na mpime muda wake wa kufika kwa boda boda usiku. Jirani mwenye ufunguo wa mlango awe wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu mtu mzima akilala sakafuni saa nyingi huumia misuli na figo hata kama hakuvunjika mfupa.