"Wenzake hawamwezi": dhana inayomweka mtoto pembeni

"Daktari, mwanangu hachezi na wenzake kwa sababu akili yake imewazidi." Kauli hii nimeichoka. Naisikia huku mtoto mwenyewe amesimama pembeni, anawatazama wenzake kwa hamu.

Ukweli ni kwamba akili na hisia hazikui kwa mwendo mmoja. Mtoto wa miaka 4 anayesoma kama wa miaka 7 bado anasubiri zamu, anakasirika na kukubali kushindwa kama wa miaka 4. Na kucheza ni stadi. Huyu hajaizoea, maana kutwa anaongea na watu wazima wanaompisha ashinde.

Nilimtazama mmoja juzi. Watoto watatu walikuwa wamepanga viti, wanaendesha basi. Akafika: "Hilo si basi, halina usukani." Kisha akaanza kuwapangia nani akae wapi. Basi likafa, wenzake wakahamia mchangani. "Unaona? Hawamwelewi," mama yake akaniambia. Hapana, mama. Amewavunjia mchezo wao.

Mtoto anayepokelewa hutazama kwanza, akishaelewa mchezo huingia kwa kufanya wanachofanya wenzake. Anakaa kiti cha nyuma na kusema, "Mimi nashuka kituo kijacho." Hilo linafundishika. Liigizeni nyumbani kwa wanasesere. Halafu alikeni mtoto mmoja, mmoja tu, kwa saa moja hivi, na wapeni kitu cha kufanya pamoja: maji, udongo, vipande vya kujengea. Na tafadhali, acheni kumwachia ashinde! Azoee kushindwa mbele yenu, mkiwa karibu kumtuliza.

Wazazi huniambia na mengine. "Arushwe darasa, atapata marafiki." Kimasomo huenda likamfaa, na wapo wanaopata huko wenzao wa kuzungumza nao. Lakini asiyejua kujiunga na mchezo atabaki pembeni huko pia, tena akiwa mdogo kuliko wote.

"Anacheza peke yake, basi ana kasoro." Si lazima. Anayejenga mnara wake kwa furaha mwacheni amalize. Mimi hujali zaidi yule anayetaka kujiunga akashindwa.

"Ana akili sana, hawezi kuwa na usonji." Usonji ni hali ya ukuaji inayoathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu. Anaweza kuwa na vyote viwili. Kama haitiki akiitwa jina, hakutazami usoni, wala hakuonyeshi kitu kilichomfurahisha, mleteni apimwe sasa, msingoje akue.