Breka inalinda waya, haikulindi wewe

Wateja wangu wengi hapa Busia, upande wa Uganda, huanza na maneno yale yale: "Fundi, mimi niko salama, breka zipo." Huwa naomba tufungue kisanduku. Ndani nakuta breka za ampea 16, 20 na 32 zimepangwa vizuri, basi, hakuna kingine. Breka hizo zina kazi yake. Mkondo ukizidi uwezo wa waya, zinakata kabla waya haujachemka na kuwasha dari. Mwili wa binadamu haumo kwenye hesabu yake. Miliampea makumi machache tu zikipita kifuani zinaweza kuua, na breka ya ampea 20 inaachilia miliampea 20,000 bila kushtuka.

Kinachomwokoa mtu ni vitu viwili vikiwa pamoja: waya wa athi unaofika ardhini kweli, na RCCB, swichi inayokata umeme unaovuja, ya miliampea 30. RCCB inalinganisha mkondo unaotoka kwenye laivu na ule unaorudi kwenye nyutro. Kilichorudi kikipungua, maana yake kuna kinachovuja, pengine kupitia mkono wa mtoto aliyeshika friji, nayo inakata kwa chini ya theluthi moja ya sekunde. Dukani inafanana na breka, ila ina kibonyezo kidogo chenye herufi T. Ukinunua, soma kama imeandikwa 30 mA. Zipo za miliampea 100 na 300, hizo ni za kuzuia moto.

Athi ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu ni rahisi kuifanyia maigizo. Unaona shaba imechomoza nje ya ukuta, waya wa kijani na njano umefungwa vizuri, unaridhika. Lakini fimbo hiyo ya shaba imepigwa wapi ardhini? Nimezikuta kwenye kifusi cha ujenzi, nyingine zimekatwa nusu kwa sababu zilikutana na jiwe. Tuseme kipimo kinaonyesha omu 60, yaani ukinzani wa njia ya umeme kwenda ardhini; zikiwa nyingi, umeme unapita kwa shida. Laivu ikigusa bodi ya hita, yaani ganda lake la chuma, volti 240 ukigawa kwa 60 unapata ampea 4. Breka ya ampea 20 itaziona hizo 4 kama mtu anapiga pasi tu. Haikati, na bodi ya hita inabaki na umeme mchana na usiku. Januari udongo ukikauka, omu zinapanda na hali inakuwa mbaya zaidi. Jicho halitakwambia haya. Ni lazima kupima kwa mita ya athi, na fundi asiye na mita hiyo, wala mtu wa kumwazima, anabahatisha kwa maisha yako.

Ndiyo maana nasisitiza kibali. Uganda kibali cha fundi umeme kinatolewa na ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme iliyoanzishwa na Sheria ya Umeme ya 1999. Kina madaraja, kwa hiyo aliyeruhusiwa kufunga nyumba ndogo hajaruhusiwa kufunga kinu cha kusaga mahindi. Mwombe akuonyeshe: soma jina ulinganishe na kitambulisho chake, soma daraja, soma tarehe ya kuisha. Fundi wa haki haoni haya, na akikasirika umeshapata jibu. Sisi wa mpakani tuna jambo letu pia. Mafundi wazuri wanavuka kutoka upande wa pili wakiwa na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Wengine ni hodari kuliko mimi, lakini leseni hiyo ni ya Kenya, si kibali cha ERA.

Kuna mchezo mwingine ambao wenye nyumba wanaujua na wanaufumbia macho. Ili nyumba mpya iunganishwe, fundi mwenye kibali anatakiwa kutia saini cheti kwamba nyaya zimepimwa. Sasa kijana asiye na kibali anafunga nyumba nzima kwa bei poa, halafu anatafutwa mwenye kibali atie saini bila hata kufika. Karatasi hiyo haina thamani. Muulize aliyetia saini: athi ilisoma omu ngapi? Alipima lini? Akimung'unya maneno, usimlipe. Wala usitegemee shirika la umeme litakuja kurekebisha: tangu Aprili 2025 mtandao uko kwa UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme, lakini nyaya za baada ya mita ni zako.

Wapangaji wa mizigo, yaani vile vyumba vya kupanga vya safu, najua hamna sauti kwa mwenye nyumba. Chumba kimoja, soketi moja, eksitensheni inayobeba jiko la koili, pasi na televisheni. Koili ile iko wazi, na sufuria ya chuma ikiigusa huku umesimama peku kwenye saruji yenye maji, wewe ndiye unakuwa athi. Vaa ndala kavu, zima ukutani kabla ya kukoroga, na eksitensheni ikipata joto punguza mzigo. Hita ya kuogea ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 23, hivyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku, usiopungua milimita 4 za mraba. Ukiambiwa itachukuliwa kutoka soketi ya chumbani, kataa.

Jaribio moja unaweza kulifanya leo bila fundi. Zima breka zote za ndani, kisha tazama taa ndogo ya mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla, inayomweka kadiri umeme unavyotumika. Ikiendelea kumweka, kuna kinachovuja kati ya mita na kisanduku, au kuna jirani amejiunga kwako. Washa tena, kisha bonyeza T kwenye RCCB kama unayo. Umeme unatakiwa kukatika papo hapo. Usipokatika, hita isiguswe na mtu hadi fundi afike.