Maana ya hitimisho katika ripoti ya maabara

Katika ripoti ya jaribio la sayansi, matokeo ni kile ulichokiona, ulichokinusa, ulichokisikia au ulichokipima. Hitimisho ni kile unachokielewa kutokana na hayo. Maana yenyewe ndiyo hiyo, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuikariri kwa dakika moja.

Ila kila msimu wa kusahihisha praktiko ukifika, namsikia mwalimu mwenzangu akiwaambia watoto kwamba hitimisho ni kufunga ripoti, yaani kurudia matokeo kwa ufupi. Hivyo ndivyo insha inavyofungwa. Ripoti ya maabara ina kazi nyingine, na tukizichanganya, mtoto aliyeandika jambo lilelile mara mbili anapata alama huku aliyefikiri akikatwa. Jambo hili linaniuma.

Chukua mfano unaojirudia kuliko yote. Mwanafunzi amepewa unga mweupe usiojulikana. Anadondosha asidi, mapovu yanatoka. Kwenye safu ya matokeo anaandika: "Kabonidayoksaidi ilitoka." Mwalimu anaweka vema na kusonga mbele. Lakini kabonidayoksaidi haina rangi wala harufu. Hakuna mtu aliyeiona ikitoka. Alichokiona ni mapovu, gesi isiyo na rangi, na maji ya chokaa yaliyochafuka yakawa meupe alipoipitisha humo. Mambo hayo matatu ndiyo matokeo. Jina la gesi linakaa safu ya pili, ile ya hitimisho, pamoja na maneno kwamba huenda chumvi hiyo ni kabonati au haidrojenikabonati. "Huenda" inahitajika pale, kwa sababu jaribio hilo peke yake halijazitenganisha chumvi hizo mbili.

Hapa ndipo ninapoomba tukae kidogo, maana kosa kubwa zaidi liko kwenye hitimisho linalokimbia mbele ya ushahidi. Mwanafunzi anaongeza sodiamu haidroksaidi kidogo kidogo kwenye myeyusho wa chumvi. Yanatokea mashapo meupe. Akiendelea kuongeza, mashapo yanayeyuka yote. Aliyekariri anaandika hapohapo: "Ni zinki." Alumini nayo hufanya vivyo hivyo, na metali ya risasi pia. Hitimisho sahihi la hatua hiyo lina majina matatu. Halafu anachukua sehemu nyingine ya myeyusho na kuongeza amonia: mashapo ya zinki yatayeyuka amonia ikizidi, ya alumini na ya risasi yatabaki. Yakibaki, anaweka potasiamu iodaidi kwenye testi tyubu nyingine yenye myeyusho uleule. Yakitokea mashapo ya manjano, ni risasi. Kila hatua inapunguza majina kwa sababu inayoonekana. Yule aliyeandika zinki tangu mwanzo, hata kama kwenye chupa mna zinki kweli, amebahatisha, na kumpa alama zote ni kumfundisha kwamba kubahatisha kunalipa.

Kwenye biolojia ni hivyohivyo. Kipimo cha Benedict, kimiminika cha kupimia sukari, kikichemshwa na sampuli ya chakula chenye sukari ya kutosha kinatoka buluu, kinapita kijani, manjano na rangi ya chungwa hadi mashapo mekundu ya matofali. Karatasi nyingi zinasema "glukosi ipo". Fruktosi huleta rangi hizo pia, na maltosi, na laktosi ya kwenye maziwa. Sukari tunayoweka kwenye chai, kwa upande wake, haibadilishi kitu mpaka kwanza uichemshe na asidi kisha uiondolee asidi hiyo ukali wake kwa besi. Kipimo kinaonyesha kundi la sukari, basi hitimisho liseme kundi.

Kuna upande wa pili ambao walimu wengi hatuusemi. Watoto wanajua kwamba iodini kwenye wanga inaleta buluu iliyokoza karibu na nyeusi, na wengine wanaiandika rangi hiyo kabla hata hawajadondosha. Sasa iodini imekaa sana, imepoteza nguvu, na kipande cha kiazi kinabaki na ukahawia hafifu. Mmoja anaandika kahawia. Jirani yake anaandika buluu-nyeusi kwa kuwa ndivyo daftari linavyosema. Kwenye mtihani wa taifa msahihishaji anafuata mwongozo, lakini darasani tuna nafasi: alama ya matokeo mimi nampa wa kwanza, kisha naenda kuikagua chupa ya iodini.

Nchi hii ina sababu ya kulijua jambo hili vizuri. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, Lushoto, aliingiza mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friji ukiwa bado wa moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Alikuja kumuuliza tena Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekwenda kuzungumza na wanafunzi wa shule ya Mkwawa, Iringa, ambako Mpemba alikuwa akisoma wakati huo. Osborne alilichukua swali, likajaribiwa maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu sababu, na wapo wanaodai kwamba vipimo vyao havionyeshi tukio lenyewe. Wabishane. Kijana alikuwa na matokeo bila hitimisho, na mwalimu alikuwa na hitimisho tayari, akalitumia kufuta matokeo.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mtoto akirudia matokeo kwenye safu ya hitimisho, tusimpige mkasi tu. Tumwandikie pembeni: "Umeona hivi. Inatuambia nini kuhusu chumvi hii?" Na yule aliyeandika jina la gesi kwenye safu ya kwanza, tumuulize: "Ulijuaje?" Atataja maji ya chokaa. Tumwambie aandike hayo hapo, na jina la gesi alihamishie safu ya pili.