Mlango ambao hakuna fundi aliyeuchonga

Ofisi yangu ndogo ya usanifu wa michoro iko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na kazi zinazotulisha ni lebo, mabango, nembo na kadi za harusi. Tangu 2023 natumia akili mnemba karibu kila siku, kwa hiyo siandiki haya kwa kuiogopa. Nataka tu kueleza ni wapi ninapoizuia na kwa nini.

Mwenye nyumba moja ya wageni alitaka bango lenye mlango wa kuchongwa, na muda ulikuwa mfupi, nikaiagiza programu ya picha initolee mlango wa kale wa pwani. Ikaleta kitu cha kupendeza: mbao nzito, misumari ya shaba, mnyororo uliochongwa pembezoni, na kwenye kizingiti cha juu mstari wa maandishi ya Kiarabu. Nikachapa nakala ya majaribio, nikaibandika ukutani. Jioni akaingia mzee mmoja, fundi anayechonga milango ya namna hiyo, akaitazama bila hata kuketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni aya gani?"

Haikuwa aya yoyote. Ilikuwa ni mikunjo na nukta zilizofanana na herufi kwa mbali, kwa sababu programu hizi hujifunza umbo la vitu kutoka kwenye mamilioni ya picha, wala hazijui maandishi yaliyomo yanasema nini. Katika milango mingi ya kale, sehemu ile ndiyo huchongwa aya ya Kurani au mwaka wa Hijria, na mimi nilikuwa karibu kuwabandikia watu wa Bagamoyo upuuzi mahali pa maneno ya Mungu. Mzee akaongeza kwamba mlango wenyewe hauna mfaa, ule mti wa katikati unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. "Huu haufungiki," alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Tangu siku hiyo, mchoro wowote wa mashine unaogusa ufundi wa watu hapa kwetu haumfikii mteja kabla haujapita kwa mwenye ufundi huo, naye hulipwa. Gharama hiyo naiandika kwenye ankara, sambamba na mstari unaomweleza mteja ni sehemu gani ya kazi iliyotolewa na programu.

Ninachokiingiza kwenye programu nakiangalia kwa ukali zaidi. Picha za bibi harusi sizipakii kwenye huduma ya kung'arisha nyuso ambayo mitambo yake iko nchi nisiyoijua, isipokuwa mwenyewe ameelezwa na akaridhia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatugusa hata sisi wenye kompyuta mbili, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Vilevile sichukui picha ya mlango wa fundi nikaiambia mashine iniigizie mkono wake. Huo kwangu ni wizi, hata kama kitufe kinaruhusu.

Nembo nachora mwenyewe. Mteja anayepanga kusajili alama yake BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, anahitaji kitu ambacho umiliki wake hauna utata, na tayari mwaka 2023 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba picha iliyotengenezwa na mashine peke yake, bila mtunzi binadamu, haina hakimiliki. Kwa hiyo mashine hunisaidia kujaribu rangi na kupanga mawazo, basi.

Lile bango lilichelewa siku mbili na mteja alinung'unika. Nilikwenda na kamera hadi karakana ya mzee, nikaupiga picha mlango aliokuwa anaumalizia, vumbi la mbao likiwa bado limejaa kwenye nakshi, na jina lake tukaliweka chini kwa idhini yake. Kabla ya kupeleka kuchapwa, nilimsomea aya ya kizingitini kwa simu, neno kwa neno, naye akanirekebisha mara moja.